Tangu nijifungue hakuna anayeniita kwa jina langu. Hivi "mimi" nimebaki wapi?

#1 · MwanaTanga
Habari za jioni wanajamvi.

Nina mtoto wa miezi saba. Kabla yake nilikuwa na jina. Shuleni, kazini, hata kondakta wa daladala ya asubuhi alikuwa analijua. Siku niliyotoka hospitali na kichanga mkononi, jirani alinipokea begi akasema "karibu nyumbani Mama Abdul", na kuanzia hapo sijalisikia tena jina langu mtaani. Muuza mchicha: Mama Abdul. Mama mkwe: Mama Abdul. Mume wangu, ambaye hata tukigombana alikuwa ananiita kwa jina, naye sasa ni "Mama Abdul, chaja iko wapi?"

Wiki iliyopita nilikwenda kliniki. Nesi akaita jina langu kamili mara tatu, langu, la baba na la babu. Nilikuwa nimekaa benchi la mbele kabisa na sikuitika. Mama wa pembeni akachungulia kadi yangu, akanigusa goti: "Si wewe huyu?"

Mtoto nampenda, hilo lisiwe mjadala. Swali langu ni hili: kuna "mimi" aliyebaki chini ya haya majina, au mtu ni yale anayoitwa basi? Na mwili je? Ulikuwa wangu, ukawa nyumba ya mtu, sasa ni chakula chake. Usiku akilia chumba cha pili, maziwa yanatoka kabla sijaamka. Naamka nguo imeshalowa ndipo nasikia kilio. Hapo aliyeitika ni nani?

#2 · Baba Neema
Pole na hongera. Lakini mbona na sisi wanaume tunaitwa hivyo? Mwaka wa kumi na moja huu mimi ni Baba Neema, hata humu nimejiandikisha hivyo. Sijaona kilichopotea. Ni heshima, umepandishwa cheo.

#3 · Mchungwani
Baba Neema, kazini unaitwaje?

#4 · Baba Neema
Injinia. Na benki jina langu la kwenye kitambulisho. Kwa nini?

#5 · Mchungwani
Kwa sababu hiyo hiyo. Wewe una majina matatu, unalivaa la Baba Neema ukirudi nyumbani na kulivua asubuhi. MwanaTanga yuko nyumbani miezi saba na analo moja tu. Jina ni lile lile, uzito haulingani.

#6 · Kalamu Nyekundu
Wakuu, hili ni swali la kifalsafa hasa, na kwa kuwa ndilo somo ninalofundisha naomba nafasi ndefu kidogo.

Mwaka 1637 Mfaransa René Descartes alichapisha yale maneno "nafikiri, kwa hiyo nipo". Anasimulia alivyojifungia kutwa nzima wakati wa baridi katika chumba chenye jiko la moto, peke yake na mawazo yake, na baadaye akafikia kwamba anaweza kuutilia shaka mwili wake lakini si kule kufikiri kwake. Tangu hapo "mimi" wa vitabuni akawa kitu kinachofikiri tu. Hana tumbo, hana mama. Nikiwauliza wanafunzi wangu ni nani aliyeliwasha lile jiko, darasa linakaa kimya.

Mtu aliyembana vizuri alikuwa mwanamke. Mwaka 1643 Elisabeth wa Bohemia, binti wa mfalme aliyekuwa akiishi uhamishoni Uholanzi, umri miaka 24, alimwandikia barua: kama roho haina mwili, inausukumaje mwili? Na katika barua iliyofuata anamwambia wazi kwamba shughuli za nyumba yake na watu wa kuzungumza nao hazimwachii wasaa wa kukaa kutafakari anavyoshauriwa. Soma tena hapo. Anayefikiri amekatizwa na nyumba, na bado anafikiri.

Sasa njoo kwa mwanamke mjamzito. Iris Marion Young wa Marekani aliandika mwaka 1984 kwamba mimba inaivunja ile picha ya "mimi" mmoja aliyefungwa ndani ya ngozi yake. Ndani yangu kuna mtu anajigeuza. Nakuhisi kujigeuza kule, lakini si mimi ninayejigeuza. Mpaka kati ya mimi na si mimi unahama. Anasema hata mwanamke anajibamiza mahali alipozoea kupita, kwa sababu mwili anaoujua wa jana si wa leo.

Kuhusu maziwa, MwanaTanga, kuna Mfaransa mwingine, Merleau-Ponty, 1945, aliyesema mwili si chombo ninachokimiliki. Mwili ndiyo namna yangu ya kuwepo duniani, na unajua mambo kabla sijayafikiri. Kwa jibu lake, aliyeitika usiku ni wewe. Ni wewe uliye mwili.

#7 · Nyakato
Asante mwalimu Kalamu. Mimi ni mwalimu wa msingi, darasa langu lina watoto 90. Mimba ya miezi saba nilikwama kati ya madawati mawili mahali ninapopita kila siku mwaka wa nne. Watoto wakacheka, nikacheka nao, halafu nikarudi mbele ya ubao nikiwa na hofu ya ajabu. Sikuwa nimeumia. Niligundua tu kwamba mimi sijui nimeishia wapi. Sikujua kama kuna mtu ameandika kitu kama hicho.

#8 · Mchungwani
@Kalamu, nakubaliana na wewe mpaka aya ya mwisho. Mfano mashuhuri wa Merleau-Ponty ni kipofu na fimbo yake, fimbo inakuwa kama kidole kirefu. Fimbo hailii usiku. Ukimjibu mama anayenyonyesha kwamba "ni wewe uliye mwili" umemrudisha kwenye mmoja tena. Yeye anauliza kwa nini mwili wake unamtii mtu mwingine kabla yake.

#9 · Kalamu Nyekundu
Pingamizi zuri. Silipingi.

#10 · Ngao ya Kitui
Hamjambo nyote. Mimi nashangaa tunaanzia Ufaransa na Uholanzi ilhali John Mbiti, mzaliwa wa Mulango huku kwetu Kitui, alishalijibu swali hili mwaka 1969: mtu ni mtu kwa watu. Kwa Mwafrika hakuna "mimi" wa kujifungia chumbani. Dada MwanaTanga hajapotea. Ameongezeka. Jina la Mama Abdul ni ushahidi kwamba jamii imempokea. Hili swali la "niko wapi mimi" limekuja na meli.

#11 · Kalamu Nyekundu
Ngao, sahihisho dogo. "Mtu ni mtu kwa watu" ni msemo wa kusini, Wazulu na jirani zao, umuntu ngumuntu ngabantu. La Mbiti ni jingine: "Nipo kwa sababu tupo, na kwa kuwa tupo, basi nipo." Yanakaribiana, ila la Mbiti lina kitu cha ziada, lile "basi nipo" la mwisho. Hajamtupa "mimi". Amempeleka mwisho wa sentensi.

#12 · Ngao ya Kitui
Nimesahihishwa, asante. Mwisho wa sentensi pia ni mahali.

#13 · Mchungwani
Na mimi nina swali kwa "tupo" hiyo. Nani anaipika? Katika kila "tupo" niliyowahi kukaa ndani yake, msiba, harusi, kikao cha ukoo, kuna watu wanaokaa mkekani wanasema "sisi", na kuna watu wako nyuma kwenye mafiga wamefunga kanga kifuani. Wa nyuma nao ni "sisi", tena bila wao hakuna shughuli, ila wakati wa kuamua hawaitwi. Mnigeria Ifeanyi Menkiti aliandika 1984 kwamba kwa Waafrika utu si kitu cha kuzaliwa nacho, mtu anaufikia hatua kwa hatua kwa kutimiza wajibu katika jamii. Sawa. Sasa nani anapima? Nani anasema huyu amefika na huyu bado? Mwanamke ambaye hajazaa anapimwa na nani?

Sisemi Mbiti kakosea. Nasema uhusiano unamjenga mtu na uhusiano huo huo unaweza kumla. Swali la MwanaTanga liko hapo katikati.

#14 · Bi Mkubwa 61
Wanangu, nimewasoma taratibu na miwani yangu.

MwanaTanga, umekaa arobaini? Nani alikukanda? Sisi tulikaa siku arobaini. Mama yangu alinikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, akanifunga tumbo kwa kanga, akanipikia uji wa pilipili manga. Siku hizo aliyekuwa mtoto ni mimi. Yule mchanga alikuwa na watu wake wa kumbeba. Mimi nilikuwa na mama yangu. Alikuwa akiniita kwa jina langu la utotoni, lile la kuniliwaza. Nadhani nyinyi wa sasa mnatoka hospitali siku ya pili mnaingia jikoni, hamna wa kuwaita mwana. Ndiyo maana jina linapotea. Mtu anayemlea mwenziwe lazima naye awe na wa kumlea.

Na la pili. Pwani mwanamke hakuwa akipoteza jina kwa kuolewa. Anabaki binti fulani mpaka kaburini. Siti binti Saad wa Fumba aliolewa na akazaa, na jina likabaki la baba yake. Na tena alizaliwa akaitwa Mtumwa, "Siti" lilikuja baadaye, maana yake bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 alipokwenda Bombay kutia sauti kwenye santuri, alikwenda na jina hilo. Majina ya mtu yanaweza kupanda na kushuka na mtu akawa yule yule.

#15 · Wakili wa Kijiji
Bi Mkubwa kasema kweli tupu, naongeza upande wa sheria. Huku kwa mke kuchukua ubini wa mume kulikuja na Waingereza, na kwao lilikuwa na maana nzito. Blackstone, mwanasheria wao, aliandika mwaka 1765 kwamba mume na mke ni mtu mmoja kisheria, na kuwepo kwa mwanamke mbele ya sheria kunasimamishwa muda wote wa ndoa. Hana mali, hana mkataba, hashtaki. Jina lilifuata kile kilichokwisha kutokea. Mpaka 1882 ndipo bunge lao likampa mwanamke aliyeolewa haki kamili ya kumiliki mali yake.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 haimlazimishi mke abadili jina, na inasema ana haki sawa na mwanamume ya kumiliki mali. Kuna na kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983. Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya familia. Yeye mwenyewe hakupata alichoomba, kwa sababu nyingine za kesi ile, lakini ile hoja ikabaki na wake wengi wameitumia. Kwa hiyo @Mchungwani, yule wa kwenye mafiga mahakama imeshamwona.

#16 · Mchungwani
Imemwona akiachika. Tungependa aonekane kabla.

#17 · Fundi Cherehani
Mnasahau lugha yenyewe. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Yeye ni wa kutendewa tangu sentensi ya kwanza. Lakini siku ya kuzaa tunasema amejifungua. Ghafla anatenda, tena anajitenda mwenyewe, hakuna mume hapo, hakuna daktari. Huwa nalifikiria sana neno hili nikiwa kwenye cherehani. Ina maana alikuwa amefungwa?

#18 · Shemeji wa Tarime
Fundi, siyo kote. Huku Mara kuna nyumba ntobhu. Mwanamke mwenye uwezo, mara nyingi hakujaliwa mtoto wa kiume, anatoa mahari na kumuoa mwanamke mwenzake, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake. Anaoa. Haolewi. Si mambo ya kitandani kama wageni wanavyodhani, ni mambo ya nyumba, mifugo na urithi. Nimewasikia wazee wakisema "fulani ameoa" wakimaanisha bibi wa miaka 60, na hakuna aliyeshtuka.

#19 · Kalamu Nyekundu
Mfano wa Shemeji ni wa thamani. Mwaka 1987 Mnigeria Ifi Amadiume aliandika juu ya wanawake wa Nnobi, Waigbo, waliooa wake vivyo hivyo. Na mwaka 1997 Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí akaenda mbali zaidi. Alisema kwa Wayoruba wa kale kilichowapanga watu ni umri, nani alitangulia nyumbani, wala si uke na uume, na kwamba "mwanamke" kama kundi moja la walio chini aliletwa na ukoloni. Moja ya hoja zake ni lugha, Kiyoruba hakina "yeye wa kike" na "yeye wa kiume". Sawasawa na sisi. Yeye ni yeye.

#20 · Nyakato
Mwalimu, Kiswahili nacho kina "yeye" mmoja, na bado shuleni kwangu anayetumwa maji ni msichana. Kiwakilishi hakijamsaidia.

#21 · Kalamu Nyekundu
Wapo waliompinga Oyěwùmí kwa hoja hiyo hiyo. Hujakosea.

#22 · Kocha wa Mtaa
Naomba kuongezea kuhusu huyo Young. Alikuwa na makala nyingine ya 1980 kuhusu wasichana kurusha mpira, tuliisoma chuo cha michezo. Anasema msichana harushi kwa mwili mzima, anarusha kwa mkono tu, kwa sababu amefundishwa kuuona mwili wake kama kitu kinachotazamwa na cha kulindwa. Anauwekea mwili breki. Na si maumbile, ni malezi.

Mimi nilibisha darasani na nabisha hapa. Aende akaangalie rede. Wasichana wa miaka kumi, wawili pembeni wanarusha, mmoja katikati anajaza mchanga kwenye chupa huku anakwepa. Ule mpira wa soksi ukikupata mgongoni utalala na alama. Wanarusha kwa bega, kwa kiuno, kwa mguu. Hakuna breki.

#23 · Nyakato
Kocha, rede wanacheza mpaka lini?

#24 · Kocha wa Mtaa
Mpaka darasa la sita, la saba hivi.

#25 · Nyakato
Na halafu?

#26 · Kocha wa Mtaa
Halafu wanaambiwa umekua sasa, kaa vizuri. Sawa. Nimekuelewa. Basi dada Young kakosea umri tu.

#27 · Kanga Moja
Mimi huwa nasoma tu humu, leo naandika.

Nilitolewa titi la kushoto. Kabla sijaruhusiwa, hospitali moja sitaitaja, muuguzi alinipa pamba na kunionyesha jinsi ya kuipanga ndani ya sidiria "ili wageni watakaokuja kukuona wasishtuke". Sikuwa nimejiona bado kwenye kioo. Nikafundishwa kwanza kuwahurumia wageni. Nikapanga pamba miezi minne, joto la Dar es Salaam hili, jasho likaingia kwenye kovu mpaka pakachubuka. Siku moja nikaitoa, nikavaa dera, nikaenda gengeni. Hakuna aliyekufa.

Mwili wangu uko pungufu na mimi sijapungua, ndivyo ninavyojiona. Kwa hiyo nampinga kidogo anayesema mtu ni mwili wake. Lakini pia siwezi kusema mwili ni nguo tu. Nikimkumbatia binti yangu, upande wa kushoto nausikia moyo wake karibu zaidi kuliko zamani. Hilo nalo ni la kweli.

#28 · Kalamu Nyekundu
Kanga Moja, asante kwa kuandika. Audre Lorde, mshairi wa Marekani, alitolewa titi mwaka 1978 na aliandika yaliyomkuta. Alikwenda kwa daktari bila titi la bandia, muuguzi akamwambia avae, kwa sababu kutovaa kunawavunja moyo wengine pale kliniki. Akauliza mbona Moshe Dayan, yule jenerali wa Israeli, anavaa kitambaa kwenye jicho lililopotea na hakuna anayemwambia aweke jicho la kioo ili watu wajisikie vizuri. Wewe na yeye hamkuwahi kuonana.

#29 · Umm Layan, Muscat
Salaam kutoka Muscat. Nimezaliwa Unguja, nimekulia huku. Kwa Waarabu jina la "Umm fulani" na "Abu fulani" ni kunya, ni heshima ya mwanamume na mwanamke sawa, na anayekupenda ndiye anakuita hivyo. Na si lazima uwe umezaa. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, hakuwa na mtoto, na Mtume alimpa kunya ya Umm Abdullah, kwa jina la mtoto wa dada yake. Kwa hiyo jina la mama linaweza kuwa zawadi tu.

#30 · Mpita Njia
Umm Layan, nimekaa na simu mkononi dakika kumi. Nina miaka 47, sina mtoto. Mtaani wenzangu wote ni Mama fulani, mimi ni "dada" hata kwa watoto wa kuwazaa. MwanaTanga analia kwamba jina la mama limemfunika. Mimi ningelipokea kwa mikono miwili, na niseme kweli ningeogopa pia. Nimelea wadogo zangu watano. Nani kati yao atanipa jina lake?

#31 · Bi Mkubwa 61
Mwanangu Mpita Njia, mwite mmoja wao umwambie. Usingoje wakumbuke.

#32 · Baba Neema
Nimesoma kila kitu na nimebadilika kidogo, ila nina swali la kweli. Kama jina la mama linafunika, na kutokuwa nalo kunaumiza, sisi majirani tuiteje? Jirani yangu alifiwa na mtoto wake wa kwanza. Mtaa mzima tulikuwa tunamwita kwa jina la yule mtoto. Baada ya msiba watu wakaanza kukwepa kumwita. Mimi pia. Nasalimia tu "habari za leo".

#33 · Fundi Cherehani
Baba Neema, hilo naomba nilijibu mimi.

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa Salma. Alifariki akiwa na miaka tisa. Nilikuwa Mama Salma kila mahali, kwenye kibao cha duka la kushonea nimeandika Mama Salma Ushonaji. Arobaini ilipokwisha nikarudi dukani, mteja wa kwanza akasema "Mama Idi, hujambo?" Idi ni mdogo wake, alikuwa na miaka miwili. Nikafikiri amekosea. Wa pili Mama Idi, wa tatu Mama Idi. Walikuwa wamekubaliana, au hawakukubaliana, sijui. Walidhani wananihurumia. Mimi niliona wanamzika mara ya pili na wananizika mimi niliyemzaa.

Mume wangu akataka kubadilisha kibao. Nilikaa chini ya kile kibao nikamwambia akiondoa aniondoe na mimi. Kipo mpaka leo, rangi imepauka.

Mtu mmoja tu hakubadilika, muuza mkaa. Anapiga kelele toka ng'ambo ya barabara, "Mama Salmaaa, gunia au ndoo?" Nanunua kwake hata kama nina mkaa ndani.

#34 · MwanaTanga
Fundi, sina neno. Pole dada yangu. Nimesoma nikiwa nimembeba huyu na nimelazimika kukaa.

#35 · Mchungwani
Pole sana Fundi. Naandika hili kwa heshima. Hii ndiyo hofu yangu toka mwanzo. Jina ulilopewa na watu, watu wanaweza kulichukua siku moja bila kukuuliza. Ndiyo maana nataka mwanamke awe na kitu chini yake ambacho si cha kupewa.

#36 · Ngao ya Kitui
Nami kwa heshima naona kinyume. Fundi hakusema "niiteni kwa jina langu la kuzaliwa". Alichodai ni kuwa mama wa Salma. Yule ambaye hayupo ndiye aliyemshikilia kuwa yeye. Kama si "nipo kwa sababu tupo", hii ni nini? Na "tupo" hiyo ina waliotangulia ndani yake.

#37 · Kalamu Nyekundu
Eva Kittay wa Marekani, mwaka 1999, kwa kumlea binti yake mwenye ulemavu mzito, aliandika kwamba usawa wa watu usianzie kwenye "mimi ni huru kama wewe". Uanzie kwenye "mimi pia ni mtoto wa mama fulani". Nililichukulia kama fungu la maneno mazuri, nikalifundisha miaka. Sikuwa nimefikiria upande wa yule mama akibaki peke yake na lile "fulani".

#38 · Fundi Cherehani
Ngao na Mchungwani, msigombane kwa ajili yangu. Kuna siku niko upande wa huyu na kuna siku niko upande wa yule. Ibada na sala nafanya kwa jina langu, Mungu ananijua nalo.

#39 · Bi Mkubwa 61
Utendi wa Mwana Kupona, 1858, tuliusoma chuoni kwa bibi. Watu wanakumbuka pale anapomwambia binti yake amtunze mume, akilala ampapase, asikose wa kumpepea, na vijana wa leo wanamkasirikia. Mimi nakumbuka mwanzo wake: "Maradhi yamenshika, hatta yametimu mwaka, sikupata kutamka neno lema kukwambia." Mgonjwa mwaka mzima, mumewe ameshafariki, mwili unamkataa, hana la kufanya ila kumwita: negema wangu binti, nisogelee. Hapo anaanza kusema. Mpaka amwite mtoto ndipo sauti yake mwenyewe inatoka. Sijui hilo mtaliweka upande gani wa falsafa zenu.

#40 · Mchungwani
Sijui Bi Mkubwa. Nitalala nalo.

#41 · Baba Neema
Taarifa. Nimekwenda kwa jirani leo na mkungu wa ndizi. Nimemwita Mama Kelvin, jina la marehemu. Akanitazama muda. Akaniuliza, "Neema yuko darasa la ngapi siku hizi?" Tukakaa.

#42 · MwanaTanga
Na mimi taarifa. Nimemwambia mume wangu aniite. Akasita kama anayetafuta namba ya simu ya zamani, halafu akaita, mara moja, kwa sauti ndogo. Niliitika. Kisha tukakosa la kusema wote wawili. Bado sijajua aliyeitika ni yule wa zamani au huyu. Abdul anaamka, nawajibu wengine kesho.

#43 · Bi Mkubwa 61
Fundi, Salma alizaliwa mwaka gani? Nina mjukuu wa jina hilo hilo.

#44 · Fundi Cherehani
2009, Bi Mkubwa. Mwezi wa Ramadhani, muda mfupi kabla ya futari.